Mwezini Hakuna Masika

Bupe alinipigia simu Jumamosi saa mbili asubuhi, wala hakunisalimia. Tumejuana tangu kidato cha kwanza kule Mbeya, na hata siku aliyofiwa na baba yake alianza kwa kuniuliza nimeamkaje. Safari hii aliniuliza swali moja tu.

“Loveness, zile namba za sura ya kumi na nne umezitoa wapi?”

“Namba gani tena?”

“Za ufa. Ule ufa wa ukuta wa mji wako wa mwezini.”

Nieleze kidogo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya huku Tegeta, na nikishamaliza kusahihisha madaftari naandika riwaya ya sayansi. Sizungumzii zile ambazo mtu anapaa kwa sababu amekasirika. Ninaandika ile ambayo ukikosea uzito wa jiwe, msomaji anayejua hesabu anafunga kitabu. Mhusika wangu mkuu ni Dkt. Kokushubila, mtaalamu wa miamba, anayeishi katika mji wa watu elfu nne uliochimbwa chini ya uso wa mwezi. Nilimfanya mwanamke kwa hasira. Nimesoma riwaya nyingi za aina hii ambamo mwanasayansi wa kike anaingizwa maabara ili mwanamume apate mtu wa kumweleza mambo, na kabla hatujaambiwa anapima nini tumeshaelezwa nywele zake. Niliapa wa kwangu atajulikana kwa vipimo vyake. Mpaka leo hakuna msomaji anayejua Kokushubila anasuka au ananyoa.

Wasomaji wenyewe ni majirani. Nyumba yetu ina wapangaji wa familia nane na grupu la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya zamu za kufagia ngazi na kuulizana kama maji yametoka. Mwaka jana nilianza kuwatupia humo sura moja kila Ijumaa, na sasa nikichelewa wananiandama kama watu wanaonidai. Bi Tunu wa chini, mama wa makamo ya bibi, macho yake hayasomi tena, kwa hiyo yeye namtumia kwa sauti. Ijumaa ile walikuwa wamefika sura ya kumi na mbili, pale Kokushubila anapouona ufa kwa mara ya kwanza. Bupe nilikuwa nimempa riwaya nzima, kwa sababu yeye ni mhandisi wa majengo na nilitaka makosa yangu yaonwe na rafiki kabla hayajaonwa na adui.

“Nimezichora kwenye grafu,” akasema. “Septemba mpaka Januari ufa wako unatambaa. Mwezi wa tatu unaanza kukimbia. Wa nne unakimbia zaidi, na mwezi huu wa tano ndio umekata kamba kabisa. Mwezini uzito ni sehemu moja ya sita ya wa huku, ukuta hauwezi kusogea namna hii. Huu ufa unafuata mvua, Loveness. Huu ni ukuta uliosimama kwenye udongo wa mfinyanzi, na udongo umelowa. Mwezini hakuna masika.”

Nilicheka. Nilidhani amenikamata kosa la kiufundi tu, na kwa kweli nilifurahi, maana hilo ndilo nililokuwa nimemtuma. Nikamwambia ukweli: ni ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, ule wa upande wa jikoni. Kila Jumapili nikitoka kanisani naupima kwa venia, kile kipimo cha maabara cha kupimia vitu vyembamba, nimekiazima shuleni. Nilitaka daftari la Kokushubila liwe na ladha ya kipimo cha kweli. Hata tarehe sikubadilisha, kwa sababu yeye ametokea Dar na anatunza kalenda ya nyumbani.

“Kwa hiyo wiki iliyopita ulikuwa na milimita kumi na moja,” Bupe akasema taratibu.

“Hapana. Hizo ni za kwenye kitabu. Nilizigawa kwa mbili.”

“Umezigawa kwa mbili.”

“Ishirini na mbili ilikuwa kubwa mno. Niliona hakuna msomaji atakayeamini.”

Nikasikia upande wa pili kiti kikisukumwa nyuma.

“Toka kwenye hiyo nyumba,” akasema. “Wote mtoke. Naja sasa hivi.”

Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi, nikiutazama ukuta kama mtu aliyeamka akakuta mgeni chumbani. Miezi minane. Kokushubila, kwa milimita kumi na moja, anasimamisha mji mzima na kuwahamisha watu elfu nne. Mimi niliyemfundisha kupima, mimi niliyemfundisha kuogopa anachokipima, kwa milimita ishirini na mbili nilikuwa nahangaika kama neno ‘ufa’ nimelirudia mara nyingi mno katika ukurasa mmoja.

Tena si kwamba ukuta ulikuwa umejificha. Nyumba ilijengwa ya ghorofa moja, mwenye nyumba akaongeza ya pili, kisha akapandisha matangi matatu ya maji juu ya paa. Ufa ulipotokea alikuja fundi mzee mmoja, akaubandika kiraka cha plasta, akaandika tarehe juu yake kwa msumari. Hiyo ndiyo kazi ya kiraka: kikikatika unajua ukuta unatembea, na tarehe inakwambia umetembea tangu lini. Yule fundi hakurudi tena, na sisi tukadhani tarehe ile ni ushahidi wa kumwonyesha mwenye nyumba kwamba kazi imefanyika. Kila kiraka kilipokatika tuliita fundi mwingine apake kipya juu yake, na tulikuwa wakali kweli kuhusu tarehe. Kuna cha Novemba, cha Februari, viwili vya Aprili. Vyote vimekatika katikati, na chini ya kila kimoja tumesimama tukilaumu malori yanayopita barabarani.

Nikaandika kwenye grupu: “Jamani, naomba wote tutoke nje sasa hivi. Ukuta wa nyuma umesogea milimita ishirini na mbili na unazidi kuongeza mwendo. Nyumba inaweza kuanguka wakati wowote.”

Majibu yalikuja haraka. Wa kwanza aliweka mikono inayopiga makofi. Wa pili akaandika, “Leo umetuwahi sista, si ulisema Ijumaa.” Wa tatu, “Huyu Koku nampendaga, hazungukagi.” Nikaandika kwamba hii si hadithi. Jirani yangu wa mlango unaofuata, ambaye nilikuwa nasikia redio yake ukutani, akajibu, “Hapo ndo patamu, hata sura ya tisa aliwaambiaga hivyohivyo.” Mwingine akauliza inayofuata lini.

Sijawahi kuichukia kazi yangu kama dakika ile. Nikavaa kanga juu ya nguo ya kulalia, nikashuka nikigonga milango. Walitoka, ndiyo, lakini walitoka kama watu wanaotoka kumwangalia mgonjwa wa jirani: mmoja na mswaki mdomoni, mwingine na mtoto mgongoni, wakajipanga kwenye korido ya chini wakinitazama kwa huruma. Bi Tunu alikuwa mlangoni kwake juu ya mkeka, anachagua mchele kwenye ungo kwa kupapasa.

Bupe alifika na bodaboda kutoka Kawe, amevaa helmeti nyeupe na rifleta ya kazini, kile kizibao chenye mistari inayong'aa. Alinipita bila kunishika mkono, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alichomoa kalamu mfukoni, akaiingiza kwenye ufa karibu na dirisha la jiko, ikazama yote, akabaki anaangalia mahali ilipopotelea. Chini, pembeni mwa shimo la maji taka, udongo ulikuwa umebonyea na kushika maji. Namfahamu Bupe akiwa amekasirika na namfahamu akiwa mgonjwa, lakini sura ile sikuwahi kuiona.

“Wako wangapi humu?”

“Leo wote wapo. Thelathini na mmoja.”

“Watoke kwa ngazi ya mbele. Wasibebe kitu.”

Akarudi kwenye korido akawaeleza. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi darasani: msingi unazama upande mmoja, ukuta wa nyuma umeachana na sakafu, juu kuna matangi yenye maji, na hakuna anayeweza kusema ni leo au kesho. Alisema kwa upole na kwa maneno mafupi. Alipomaliza, yule wa mswaki akautoa mdomoni.

“Sawa. Sasa injinia anafika saa ngapi?”

“Mimi ndiye injinia, kaka.”

“Nimekuelewa sista. Nasema injinia mwenyewe.”

Wakatingisha vichwa, kwamba hilo ni swali la busara. Mama mwenye mtoto mgongoni akauliza kama bosi wake Bupe ana namba ya simu. Bupe ana miaka arobaini na moja. Ana muhuri wake, ana majengo yake yamesimama toka Mikocheni hadi Kigamboni, na alikuwa amesimama mbele yao na helmeti kichwani. Hakuna mguu uliosogea. Nilitaka kuwapiga mmoja mmoja.

Ndipo Bi Tunu akaniita kutoka mkekani.

“Loveness mwanangu, hebu tuyaache hayo. Daktari Kokushubila anasemaje?”

Nilidhani sijasikia vizuri. “Bi Tunu, Kokushubila hayupo.”

“Mie najua hayupo, yuko huko mwezini. Nakuuliza wewe unayemjua. Ukuta kama huu, yeye anasemaje?”

Watu wote wakanigeukia. Walinyamaza kweli, kimya ambacho Bupe hakukipata hata nusu yake. Nikamtazama Bupe. Taya lake lilikuwa limekaza, lakini akatikisa kichwa kunikubalia.

“Anasema tutoke,” nikasema. “Anasema tutoke sasa hivi, na tusirudi kuchukua kitu.”

Bi Tunu akaweka ungo chini. “Basi nipe mkono, magoti haya hayana haraka.”

Alipoinuka yeye, wakafuata wote. Yule wa mswaki alimbeba mtoto wa jirani. Mama mmoja alipiga kelele kuelekea juu kwamba Koku kasema tushuke, na huko juu milango ikaanza kufunguka kama imeambiwa na serikali. Nilisimama kwenye ngazi nikihesabu vichwa, na nikiwa nahesabu nilipata mshtuko ambao haukuwa wa ukuta peke yake. Nilikuwa nimemtunga yule mwanamke mezani kwangu, kwa kalamu, na alikuwa anasikilizwa kuliko mtu mwenye mwili na cheti. Tena kitabuni nilikuwa nimempa hivyohivyo: anasema mara moja, watu wanainuka. Sikuwahi hata kufikiria aulizwe bosi wake yuko wapi.

Wakafika thelathini, nami nikiwemo, upande wa pili wa barabara mbele ya banda la Twalib mkaanga chapati. Aliyebaki alikuwa Mzee Stephano wa ghorofa ya pili. Mzee Stephano ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa Bukoba, anavaa koti hata kwenye joto la Februari. Alijitoa kwenye grupu letu siku nilipotuma sura ya kwanza, akisema hadithi ni za watoto. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake cha mbele, anasikiliza taarifa ya habari. Mimi na Bupe tukavuka tukasimama chini yake.

“Shikamoo baba,” Bupe akasema.

“Marahaba. Kuna nini na makelele haya?”

“Nyumba si salama, baba. Naomba ushuke.”

“Amri ya nani?”

“Yangu. Mimi ni mhandisi, nimesajiliwa.” Akanyanyua kitambulisho chake. Mzee hakukitazama.

“Msajiliwa gani anakuja na bodaboda. Injinia akifika nitashuka. Sishuki kwa hadithi za mwalimu huyo.”

Ukuta ukatoa mlio. Haukuwa mkubwa, kama kuni kavu inayovunjwa kwa mguu, halafu vigae vya jikoni kwangu vikaanza kudondoka kimoja kimoja, nikavisikia toka nje. Bupe akapiga hatua kuelekea ngazi. Nilimdaka rifleta kwa mikono miwili. Niliwahi kuandika mahali kama hapo: Kokushubila anaingia, anamtoa mtu, anatokea na vumbi begani, na msomaji anapumua. Nilimshika Bupe kwa nguvu zangu zote na nilikuwa nalia.

“Utakufa,” nikamwambia. “Atabishana na wewe ngazini mpaka mfe wote wawili.”

Akanitazama. Halafu akageuka, lakini si kuelekea kwenye ile nyumba. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwa Twalib, aliyekuwa amesimama nyuma ya kikaango na kijiko chake mkononi, unga mpaka kwenye viwiko. Bupe akavua helmeti akamvisha. Akavua rifleta akamvisha. Kile kijiko akakichukua yeye.

“Njoo umwambie yule mzee ashuke. Usiseme kingine.”

“Dada, mie mambo ya nyumba siyajui.”

“Hujaulizwa.”

Twalib ni jamaa wa miaka thelathini na kitu, ana kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na barabara. Alisimama chini ya kibaraza, rifleta imembana makwapani, akainua uso.

“Mzee,” akasema. “Shuka.”

Mzee Stephano akainama kwenye chuma cha kibaraza akamwangalia. Akaiangalia helmeti. Alimwangalia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miezi yote minane.

“Ndiye huyu injinia?” akaniuliza mimi.

Nikamtazama Bupe. Yeye alikuwa anautazama ukuta.

“Nakuja, mwanangu,” mzee akasema.

Alishuka na koti lake na redio yake, anashika ukuta kwa kila ngazi, na nilitamani kumvuta kwa kamba. Alipofika chini alimpa Twalib mkono, akautikisa kwa heshima zote.

“Shukrani sana, injinia. Hawa wasichana walikuwa wananichezea akili.”

Bupe alimshika mkono mwingine akamvusha barabara karibu kwa kumkokota. Hazikupita dakika kumi tangu tuvuke.

Upande wa nyuma ulikaa chini kwanza, taratibu, kama mtu aliyechoka anayetafuta kiti. Nikaona anga mahali palipokuwa na jiko langu. Kisha matangi yakaja, na baada ya hapo sikuona kitu, vumbi lilitufunika pamoja na banda na kikaango. Katikati ya vumbi lile nilimsikia Bupe akihesabu. Aligusa kila kichwa kwa mkono wake. Alifika thelathini na mmoja, akaanza tena upya, akafika thelathini na mmoja, ndipo nikasikia Bi Tunu anashukuru kwa sauti ya chini na mtoto anaanza kulia.

Vumbi liliposhuka, nusu ya mbele ya nyumba ilikuwa bado imesimama, vyumba vimeachwa wazi, pazia la mtu linapepea. Kibaraza cha Mzee Stephano kilikuwepo. Kiti chake kilikuwepo. Mlango wake ulikuwa wazi, na ngazi ya mbele ilionekana nzima kabisa.

Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo ya Twalib, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, midomo inamcheza. Aliitazama ile ngazi muda mrefu. Kisha akajikongoja akainuka.

“Injinia,” akamwambia Twalib. “Dawa zangu za presha ziko pale mezani, karibu na mlango. Naweza kwenda mara moja?”

“Hapana, baba,” Bupe akasema. Alikuwa kichwa wazi, kijiko cha chapati bado mkononi. “Huo upande uliobaki hauna kinachoushika. Utaanguka. Dawa tutakutafutia nyingine leo hii.”

Mzee Stephano hakugeuza hata shingo. Alikuwa anamtazama Twalib usoni, mguu mmoja umeshatangulia kuelekea barabarani, anasubiri jibu.

Twalib aliona aibu. Niliiona inampanda chini ya lile vumbi. Akaivua helmeti, akamnyooshea Bupe kwa mikono miwili.

Bupe aliichukua, akamrudishia Twalib kichwani, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikakaa sawasawa.

“Mwambie,” akasema.

Twalib akamwambia. Neno kwa neno, kama alivyosema Bupe, na mzee akakaa.